Nani Analipa Masta na Doktora? Maneno yetu mbele ya wanafunzi wa Lubumbashi



Asanteni kwa kuja, na samahani kwa wale wamekosa kiti. Mulitulomba tuzungumze juu ya jambo moja: mutu akimaliza lisansi, na anataka kuendelea na masta ao doktora kwenye chuo kikuu cha serikali, makuta itatoka wapi? Tuseme wazi tangu mwanzo: siye ni kikundi cha raia, hatuko na burse ya kugawa. Ile tuko nayo ni habari tuliyokusanya kwa kuuliza, kwa kusoma sheria, na kwa kusikiliza wale walipita njia hii mbele yetu. Tuko pia na ombi moja la kupeleka kwa wakubwa, na kwa hilo tunahitaji mikono yenu. Tutafika kule.

Kwanza, hali ilivyo. Kwa sasa anayelipa masta katika chuo cha serikali ni mwanafunzi mwenyewe na jamaa yake. Wakati wa lisansi, baba na mama wanajikaza. Ndugu wanachanga. Lakini ukirudi nyumbani na kusema unataka miaka mingine 2 ya masta, kisha ingine mingi ya doktora, wanakuangalia. Wadogo wako wanangojea zamu yao. Na malipo ya siklo ya tatu si sawa na ya lisansi: yanahesabiwa kwa dola, na ile wanaandika kwenye kibao cha matangazo si yote. Kuko kompyuta. Kuko intaneti ya kutafuta vitabu, sababu maktaba haina vitabu vya juzi. Kuko safari za kwenda kukusanya habari kwa ajili ya teze. Kuko kuchapisha, kufunga, kutoa nakala kwa kila mwalimu wa jiri. Siku ya kutetea kuko toga, kuko meza ya vinywaji. Tumeona watu wanakopa kusudi jiri ikunywe kitu cha baridi. Desturi hiyo, kwa maoni yetu, ingeweza kufa kesho na sayansi isipoteze kitu.

Basi watu wanafanya namna gani? Wanaingia likelemba. Wanafundisha asubuhi kwenye sekondari ya mutu binafsi na kusoma jioni. Wanauza mashamba ya babu. Wengine wanaenda kwa wale tunaita "banque Lambert", wanachukua dola 100, na kisha mwezi deni imekuwa kitu kingine kabisa. Tunawaheshimu wote wanaohangaika hivyo. Lakini tuangalie matokeo yake. Wale watafundisha kwenye vyuo vyetu miaka 20 ijayo wanachaguliwa leo, na wanachaguliwa na mufuko. Mutoto mwenye akili ya fizikia kutoka Kenya, Katuba ao Kamalondo anaacha, anaenda kutafuta kazi ya kuendesha gari kwenye mgodi. Ule jamaa yake iko na uwezo anaendelea, hata kama fizikia haimupendi. Hatusemi wenye uwezo hawana akili. Tunasema inchi haiwezi kujua nani iko na akili kama wengine hawafiki kwenye mtihani.

Haikuwa hivi sikuzote. Wazee wetu walisoma na burse ya serikali. Miaka ya 1970 na hata ya 1980 kulikuwa na makuta ya mwanafunzi, kulikuwa na restora ya kampusi, kulikuwa na basi. Haikuwa zawadi. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walitembea Kinshasa, na kati ya mambo waliyolomba kulikuwa burse inayotosha kuishi. Askari waliwapiga risasi. Miaka 2 kisha, mwaka 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu, Mobutu aliwaingiza kwa nguvu katika jeshi, na mwaka uleule vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA. Ile kuunganisha ilidumu mpaka 1981, Lubumbashi ikapata tena chuo chake. Hapa kwetu Kasapa, munajua usiku wa Mei 1990, hatuhitaji kuwafundisha. Kisha burse ikazama pamoja na uchumi wa Zaire. Serikali ikaacha kulipa, wazazi wakaanza kulipa hata mishahara ya walimu kupitia michango, na kile kilikuwa cha muda kikawa desturi. Tunayakumbusha haya kwa sababu moja: mutu akikuambia "burse haijawahi kuwa kazi ya serikali", anakudanganya ao hajasoma.

Sasa, milango iko wapi? Mlango wa kwanza ni ule wa ndani, na wengi hawautazami kama msaada wa masomo: kuwa asista.

Kwenye vyuo vyetu vya serikali, mutu aliyemaliza na alama nzuri anaweza kushikwa na fakultate. Anakuwa asista wa mandati ya kwanza, kisha ya pili, kisha chef de travaux, ule tunamwita CT, na wakati huohuo anafanya siklo ya tatu mpaka doktora. Karibu maprofesa wote unaowajua hapa walipita humo. Kwa hiyo hiyo ndiyo burse kubwa ya inchi hii, ingawa hakuna anayeiita burse. Chuo kinakupa kazi, kazi inakupa mshahara, mshahara unakusaidia kulipa masomo. Hivyo ndivyo iliandikwa.

Ginsi inavyofanyika ni hivi. Ukipokelewa, haupati mshahara siku hiyo. Unakuwa kwenye kundi la wale wanaitwa "nouvelles unités", yaani watu wapya ambao majina yao hayajaingia kwenye listi ya malipo ya serikali Kinshasa. Unafundisha mazoezi, unasahihisha kopi mamia, unasimamia mitihani, na unangojea mekanizasio. Unangojea mwaka moja. Unangojea miwili. Mwenzetu moja, kwenye chuo cha serikali ambacho hatutakitaja, aliolewa, akazaa watoto wawili, na mtoto wa kwanza akaanza shule, yeye bado hajaona mshahara wa serikali. Ile alikuwa anapata ni prime ya chuo, ile inatoka katika malipo ya wanafunzi, na inakuja siku inapopenda. Na kumbukeni, mutu huyo alikuwa anapaswa kulipa doktora yake katika chuo kilekile kinachomutumikisha. Mutatuambia, nani alikuwa anamupa mwenzake burse?

Kuko jambo lingine, na hili tunalisema polepole kusudi lisikike. Namna asista wanachaguliwa, kwenye fasi mingi, haiandikwi popote. Hakuna tangazo, hakuna idadi ya nafasi, hakuna listi ya waliolomba na alama zao. Profesa anasema "huyu ni wangu". Mara ingine huyo "wangu" ni mwanafunzi bora wa mwaka, na profesa iko na haki. Mara ingine ni mutoto wa rafiki. Na kwa dada zetu, gizani mle ndimo mutu anakuitia kwenye biro yake kisha saa kumi na mbili. Wote munajua jina la mzaha mulilolipa jambo hilo. Siye hatucheki tena. Mlango wa asista ukifunguliwa mbele ya watu wote, na tangazo na alama zikibandikwa ukutani, mutu wa namna hiyo anabaki na biro tupu.

Kwa hiyo, ule anayeko mwaka wa mwisho wa lisansi asikilize: kama uko na alama nzuri, andika barua kwa fakultate yako, barua ya kweli, yenye tarehe, ipokelewe kwenye sekretariati na muhuri kwenye nakala yako. Usingojee kuitwa. Na uulize kwa maandishi ni nafasi ngapi ziko. Wakikujibu, umepata habari. Wasipokujibu, uko na karatasi yenye muhuri, na tutaihitaji.

Mlango wa pili ni miradi. Profesa ao fakultate inapata mradi na chuo cha ngambo, na ndani ya mradi kuko nafasi za masta ao teze zilizolipwa. Kisangani, chuo cha serikali kilisomesha watu wengi wa misitu kwa njia ya mradi FORETS, makuta ya Umoja wa Ulaya, pamoja na watafiti wa CIFOR. Kinshasa kuko ERAIFT, shule ya siklo ya tatu ya misitu na ardhi iliyoanza mwaka 1999 pamoja na UNESCO, na inapokea watu kutoka inchi mingi za Afrika. Wabelgiji nao wanafanya kazi na vyuo vyetu kupitia ARES kwa upande wa wanaosema Kifaransa, na VLIR-UOS kwa upande wa Waflemi. Tena kuko BEBUC, mfumo wa burse uliozaliwa kutokana na urafiki na Würzburg, Ujerumani, ambao unafuata Mukongomani mwenye alama nzuri sana na kumusaidia akiwa humu humu inchini.

Shida ya miradi ni kwamba tangazo linakaa kwenye simu ya watu watatu. Mutu anasikia nafasi ilikuwako wakati imekwisha. Basi, wekeni zamu. Tumeona kundi moja la wanafunzi wa agronomia wanafanya hivi: kila juma mutu moja kati yao anapita kwenye sekretariati ya fakultate, kwenye kibao cha rekta, na kwenye kurasa za ARES, VLIR-UOS na DAAD, halafu anatuma kwa wengine yale ameona. Dakika thelathini, mara moja kwa juma. Bila makuta.

Mlango wa tatu ni wa inje. Hapa kuko mambo mingi na hatutayasema yote, tuseme yale yanafaa kwetu.

DAAD ya Ujerumani iko na burse kwa ajili ya kusoma masta na doktora ndani ya Afrika yenyewe, si lazima uende Berlin. Lakini angalia: wanataka diploma yako ya mwisho isipite miaka 6. Ule amekaa miaka 8 akingojea "hali iwe nzuri" amejifungia mlango bila kujua. Umoja wa Afrika uko na chuo chake, Pan African University: Nairobi kwa sayansi na teknolojia, Ibadan kwa ardhi na afya, Yaoundé kwa utawala na mambo ya jamii, Tlemcen kule Algeria kwa maji na nguvu za umeme. Wanalipa masomo ya masta na doktora. Kwa wale wa hesabu na fizikia kuko AIMS, ambayo iko na nyumba Senegal, Kameruni, Ghana, Rwanda na Afrika Kusini, na masta yake inalipwa. Uturuki inatoa burse yenye masomo, nyumba, tikiti ya ndege na makuta ya kila mwezi, na dosie zinapokelewa mwanzo wa mwaka. Uingereza iko na Chevening kwa masta ya mwaka moja, lakini wanataka miaka 2 ya kazi, Kiingereza kizuri, na ahadi ya kurudi nyumbani miaka 2.

Ufaransa iko na burse inaitwa Eiffel. Tunaisema kwa sababu kila mwaka vijana wanapoteza muda juu yake. Kwanza, dosie haitumwi na wewe, inatumwa na chuo cha Ufaransa kilichokukubali, kwa hiyo unapaswa kuanza na chuo. Pili, kwa masta wanaweka umri: miaka 25. Sasa hesabu mwenyewe. Mutoto wa Kongo aliyeanza shule na miaka 7, akapoteza mwaka juu ya mgomo wa walimu, mwingine juu ya makuta, anamaliza lisansi na miaka mingapi? Wale waliweka sheria ile hawakututenda vibaya kwa kusudi, hawakutufikiria tu. Usikate tamaa, tafuta ile inakubali umri wako. ARES, kwa mfano, kwa masta zake inataka mutu aliyekwisha kufanya kazi, na hapo miaka yako ya kufundisha sekondari inakuwa nguvu badala ya aibu.

Jambo moja la dosie limeua wengi. Katika mfumo wetu wa zamani, lisansi ilikuwa miaka 5: tatu za gradua, mbili za lisansi. Katika mfumo mpya wa LMD, uliopanuliwa kwa vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3, kama kule Ulaya. Mutu wa zamani akiandika kwenye fomu "licence" peke yake, mzungu anasoma miaka 3, na anamukatalia doktora ao anamurudisha masta mwanzo. Andika idadi ya miaka: miaka 5 kisha diploma ya Serikali. Lomba sekretari wa akademia akupe barua fupi inayoeleza hivyo, na iambatane na alama zako. Karatasi moja hiyo inaokoa miaka 2 ya maisha.

Na musiuziwe upepo. Kila mwaka kuko mutu anapita kwenye makundi ya WhatsApp na "burse ya Kanada, nafasi 40, tuma dola 30 kwa Airtel Money ya kufungua dosie". Hizi burse zote tumetaja, hakuna hata moja ambayo mutu wa simu anaweza kukupa. Anayekulomba makuta mkononi kusudi akuingize kwenye listi, awe anavaa koti ao anavaa sandali, ni mwizi. Hata malipo ya chuo chenyewe: lipa benki, ubaki na borderó. Usimupe mutu mkononi.

Tulisema mlango wa inje. Sasa sikilizeni vizuri: tukifurahia mlango huo peke yake, tumeshindwa. Hesabu ya watu wanaopita humo ni ndogo, na wale wanapita, wengine hawarudi. Hatuwalaumu. Ungerudi kufanya nini, kuwa "nouvelle unité"? Lakini inchi ambayo iko na vijana wengi hivi haiwezi kukaa inangojea Brussels ichague maprofesa wake.

Wengine watasema: tufanye kama majirani, serikali ikopeshe wanafunzi. Tangu mwaka 2022 tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni haki kuangalia jirani anafanya nini. Kenya iko na HELB tangu 1995, na inakopesha hata watu wa masta na doktora. Tanzania iko na Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa sheria ya mwaka 2004. Ni vyombo vya kweli: kuko sheria, kuko fomu, kuko tarehe, mutoto wa mkulima anajua wapi ataandika jina lake. Hilo tunalitamani. Lakini vijana wa Kenya wenyewe watakuambia upande mwingine: mutu anamaliza, hapati kazi, deni inamufuata, jina lake linapelekwa kwenye listi ya wadeni na benki zinamufungia. Kwetu, ambako kazi ya mshahara ni kama kuona mvua mwezi wa 7, mkopo bila kazi ni kamba. Kati yetu wenyewe hatujapatana juu ya hili. Kuko wenzetu wanaona mkopo ni bora kuliko bure, na wako na sababu zao. Ile tumepatana ni kwamba mkopo hauwezi kuwa neno la kwanza la serikali. Neno la kwanza ni kulipa asista unayemutumikisha.

Na musikubali ile jibu ya "makuta haiko". Siye tunaishi Haut-Katanga. Malori ya shaba yanapita mbele ya nyumba zetu usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Kodi ya mgodi, ile inaitwa redevance, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaigawa hivi: asilimia 50 kwa serikali ya kati, 25 kwa provensi, 15 kwa mji ao sheferi ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba redevance ni asilimia 3.5, na kwa kobalti, tangu iitwe madini ya stratejia mwisho wa 2018, ni asilimia 10. Tena kuko ile 0.3 kwa mia ya mauzo ambayo kampuni inapaswa kutoa kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi.

Vizazi vijavyo. Tusome maneno hayo polepole. Kama mfuko uko na jina hilo, basi siye tulioko hapa, wenye miaka 20 na 25, ni nani? Hatusemi makuta yote ya provensi ikuje kwa masta. Barabara ya Katuba inajulikana, zahanati zinajulikana. Tunasema sehemu ndogo ya ile 25 ya provensi, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, mstari wake peke yake, "burse za siklo ya tatu katika vyuo vya serikali", na kila mwaka watu waone ni nani alipata na kwa alama gani. Mji wenye mashimo haya ambao hauwezi kulipa teze ya jeolojia ya mutoto wake ni jambo la kushangaza. Wageni wanakuja na majeolojia wao. Wanajua chini ya miguu yetu kuko nini kuliko siye.

Basi, ile tunaomba. Tumeandika petisio, na iko na mambo matatu tu, sababu petisio ya mambo kumi na tano inasomwa na hakuna mutu.

Moja, vyuo vya serikali vya provensi hii vibandike kila mwaka, kwa kila fakultate, idadi ya nafasi za asista, masharti, listi ya waliolomba na ya waliopokelewa. Mbili, asista na CT anayefundisha asilipe malipo ya siklo ya tatu kwenye chuo chake mpaka siku ataanza kupata mshahara wa serikali. Tatu, mstari wa bajeti ya provensi tuliousema.

Ya pili itawakasirisha watu wa fedha wa chuo, tunajua. Watasema watapoteza kiingilio. Tunawajibu kwamba hicho si kiingilio, ni kazi ya asista isiyolipwa inayorudi kwenye kasa kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini petisio na si barabara? Barabara tunaijua, na haki yake iko kwenye kifungu cha 26 cha Katiba. Lakini kifungu cha 27 kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kupeleka petisio kwa mamlaka, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena kinasema hakuna mutu atakayeshitakiwa kwa kufanya hivyo. Musome wenyewe, kifungu ni kifupi. Watu wachache sana wanakitumia. Siye tunataka kuhesabu hiyo miezi 3 siku kwa siku, na muhuri wa kupokea ukiwa mkononi. Miezi ikipita bila jibu, tutarudi hapa tupange ingine, na wakati huo hakuna atakayesema hatukuuliza kwa heshima.

Karatasi ziko pa meza karibu na mlango. Andika jina, fakultate, mwaka wa masomo, saini. Asista wanaoogopa kusaini, na tunaelewa woga wao, watupatie tu nakala ya barua waliyoandika yenye muhuri. Tutafunika majina mbele ya kuiambatanisha. Wale wako na barua ya fakultate iliyokaa bila jibu wafanye vilevile. Yaya wawili wa sheria wako pale nyuma, watawasaidia wale wanataka kurekebisha dosie ya DAAD ao ya ARES leo leo. Muanze na wale tarehe yao iko karibu. Na wale wa agronomia, mutuletee ile listi yenu ya zamu, fakultate zingine zinaitafuta.